Gunpei Yokoi: fundi wa mashine za karata aliyebadilisha mikono ya wacheza gemu

Wa umri wetu mnakumbuka. Mwenye kibanda ana TV moja ya chogo, betri ya gari iko chini ya meza, na watoto wamejipanga mpaka mlangoni. Zamu yako ikifika unakabidhiwa bunduki ya plastiki yenye waya mrefu. Bata wanaruka kwenye kioo, unafyatua, bata anaanguka. Ukikosa, mbwa anaibuka kutoka kwenye majani na kukucheka mbele ya wenzako.

Baadaye zikaja TV bapa, na bunduki zile zile zikaacha kuua bata. Wengi wetu tulidhani zimeharibika, tukazifungua kwa bisibisi, tukazitupa. Kumbe hazikuwa na kosa lolote. Sababu yake tutaieleza huku mbele, kwa sababu inatokana na maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake hatukuwahi kulisikia kwenye kile kibanda.

Mashine nyingi za gemu zilizofika kwetu wakati ule zilikuwa nakala za bei nafuu, zilizoigwa kutoka mashine ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Na ndani ya Nintendo, mtu aliyeshughulika zaidi na kile unachokishika mkononi, yaani pedi, bunduki na vitufe, alikuwa Gunpei Yokoi.

Alizaliwa katika mji wa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, hapo hapo Kyoto. Alipomaliza, kampuni kubwa za umeme alizoziomba kazi hazikumchukua. Mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya karibu na nyumbani, Nintendo, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kompyuta. Ilikuwa ikitengeneza karata tangu mwaka 1889, zile za Kijapani zenye picha za maua.

Kazi ya Yokoi ilikuwa kutunza mashine za kutengenezea karata. Fundi yeyote anayesoma hapa anaijua kazi ya namna hiyo: mashine zikienda vizuri, huna la kufanya. Yokoi akawa anatumia vifaa vya kiwandani kujichongea vitu vyake vya kuchezea. Kimoja kilikuwa mkono mrefu wa vijiti vilivyopishana kama mikasi mingi iliyoungwa pamoja. Ukibana huku, mkono unarefuka na kunyakua kitu kule mbele.

Siku moja mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akapita na kumwona akiuchezea saa za kazi. Yamauchi alikuwa mkali, na Yokoi alipoitwa ofisini alikwenda akijua anakwenda kukaripiwa. Badala yake akaambiwa autengeneze ule mkono kama bidhaa ya kuuza. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni 1. Yokoi hakurudi tena kwenye mashine za karata.

Vitu alivyobuni miaka iliyofuata vingine vinachekesha. Mwaka 1969 alitoa kipima mapenzi. Mvulana anashika kitufe cha chuma upande huu, msichana anashika cha upande ule, kisha wawili hao wanashikana mikono iliyobaki. Umeme mdogo sana unapita kwenye miili yao na mshale unaonyesha wanapendana kiasi gani. Kwa kweli kinachopimwa ni jinsi umeme unavyopita, na mkono wenye jasho huupitisha vizuri zaidi. Yokoi hakuficha kwamba faida yake kubwa ilikuwa kuwapa vijana sababu ya kushikana mikono.

Halafu ikaja bunduki.

Wakati huo kampuni ya Sharp ilikuwa ikitafuta wateja wa vipande vyake vya sola, vile vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Mmoja wa watu wake aliyefika Nintendo kuviuza alikuwa kijana aitwaye Masayuki Uemura. Kila mtu alipokiona kipande cha sola alifikiria kuchaji kitu. Yokoi na Uemura walikiona kama shabaha. Mwaka 1970 wakatoa bunduki ya kuchezea isiyo na risasi: ukifyatua, taa ndogo ndani yake inamulika mara moja. Mwanga ukikipata kipande cha sola kilichofichwa kwenye shabaha, umeme kidogo unazalishwa na shabaha inajibu. Chupa ya plastiki inafumuka, simba ananguruma. Uemura baadaye akahamia Nintendo moja kwa moja, na jina lake tutakutana nalo tena.

Yokoi alikuwa na maelezo yake kuhusu ubunifu wa aina hiyo, na wanaoandika juu yake hawaachi kuyataja. Alisema atafutaye jambo jipya asikimbilie kifaa kipya. Achukue kilichozoeleka, kilichoshuka bei, ambacho mafundi wote wanajua ubaya na uzuri wake, kisha ajiulize kinaweza kufanya kazi gani nyingine. Teknolojia ya namna hiyo aliifananisha na mmea ulionyauka. Fundi redio wa kijijini anayetoa spika kwenye redio iliyokufa na kuiweka kwenye kengele ya mlango wa duka angemwelewa haraka.

Mambo hayakwenda vizuri siku zote. Mwaka 1973 Nintendo ilifungua kumbi za kulenga shabaha kwa bunduki za mwanga katika majengo yaliyokuwa ya mchezo wa bowling. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, Wajapani wakabana matumizi, maagizo yakafutwa na kampuni ikabaki na madeni. Lakini wazo la bunduki halikuachwa. Mwaka 1976 wakatoa kichezeo cha kumulika picha za bata ukutani ili mtoto awalenge. Kwa hiyo bata wetu ni wa zamani kuliko ile mashine ya TV tuliyowachezea.

Kikokotoo kwenye treni

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yokoi alikuwa kwenye treni ya mwendo kasi alipomwona abiria mmoja, mtu wa ofisini, akibonyezabonyeza kikokotoo bila kupiga hesabu yoyote. Alikuwa akipoteza muda tu. Yokoi akawaza: mtu mzima anaona aibu kuchezea mdoli mbele za watu, lakini kitu kidogo cha kukaa kwenye kiganja anaweza kukichezea bila kuonekana.

Wazo hilo alimwambia Yamauchi ndani ya gari. Dereva wa bosi alikuwa hayupo kazini siku hiyo, na Yokoi akaombwa amwendeshe. Yamauchi alisikiliza, hakusema kitu. Baada ya muda mfupi wakubwa wa Sharp wakafika Nintendo kuzungumzia vioo vya kikokotoo, na Yokoi akaelewa kwamba yale mazungumzo ya barabarani hayakupotea.

Gemu ya kwanza ya mfululizo huo, ya kurusha mipira, ilitoka mwaka 1980. Mfululizo wote uliitwa Game & Watch kwa sababu kila kifaa kilikuwa pia saa. Kioo kilikuwa kile kile cha kikokotoo na betri ilikuwa ile ya kidonge. Viliuzwa zaidi ya milioni 40.

Kutoka hapo likaja jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, ingawa ni kipande kidogo cha plastiki.

Mwaka 1982 Nintendo ilitaka kuiweka gemu yake ya Donkey Kong kwenye kifaa cha kufunga na kufungua kama kitabu. Kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo, gemu hiyo iliongozwa kwa fimbo iliyosimama. Fimbo ikisimama, kifaa hakifungiki na hakiingii mfukoni. Kuweka vitufe vinne vilivyoachana kungewezekana, lakini mchezaji angelazimika kutazama chini kila mara kujua kidole kiko wapi, na wakati huo pipa limeshampiga.

Yokoi na wenzake wakaviunganisha vitufe vinne kuwa kipande kimoja chenye umbo la alama ya kujumlisha. Katikati, kwa chini, kipande hicho kinaegemea nundu ndogo, kwa hiyo kinabembea: ukibonyeza kulia, kushoto kunanyanyuka. Huwezi kubonyeza pande mbili zinazopingana kwa mara moja. Kidole gumba kinakaa pale pale na kinahisi chenyewe kimeelekea wapi, na macho yanabaki kwenye kioo. Chini yake kuna mpira wenye vidoti vyeusi vinavyopitisha umeme. Kama umewahi kufungua rimoti iliyogoma na kusafisha vidoti vyake, umeshakutana na ndugu zake.

Wakati huo Uemura alikuwa akiongoza kazi ya kuunda mashine ya kuchomeka kwenye TV, iliyoitwa Famicom. Kikosi chake kilikuwa na wasiwasi na fimbo. Wajapani hukaa sakafuni, pedi nayo huachwa sakafuni, na mtoto akiikanyaga fimbo inavunjika. Wakaazima alama ya kujumlisha ya Yokoi. Famicom ikatoka Julai 1983, na pamoja na ile iliyouzwa Marekani na Ulaya ilifikia zaidi ya milioni 60. Nakala zake, ambazo hakuna aliyezihesabu, ndizo zilizofika kwenye vibanda vyetu. Shika pedi yoyote leo, ya mashine ghali au ya bei ya kutupa, utaikuta ile alama au jamaa yake wa karibu upande wa kidole gumba cha kushoto.

Roboti wa chambo na bata wa TV

Marekani ilikuwa na shida yake. Mwaka 1983 biashara ya gemu za TV ilianguka vibaya huko. Gemu mbovu zilijaa madukani, hazikununuliwa, na wenye maduka wakaapa kutoweka tena kitu kama hicho kwenye rafu zao. Nintendo ilipotaka kupeleka mashine yake, ilihitaji njia ya kuwafanya wasiione kuwa ni mashine ya gemu.

Kikosi cha Yokoi kikatengeneza roboti. Aliitwa R.O.B., mwenye kichwa cha macho mawili na mikono inayoinua vitu na kuvihamisha. Alipata maagizo kwa kuitazama TV: kioo kilimetameta kwa mpangilio maalumu, macho ya roboti yakausoma, mikono ikafuata. Mashine ilipoanza kuuzwa New York mwaka 1985, roboti alikuwa ndani ya boksi, na muuza duka aliona mdoli wa kisasa badala ya gemu.

Tuseme ukweli, kucheza naye kulichosha. Alikwenda polepole mno, na gemu zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa mbili tu. Lakini alikuwa chambo, na samaki walimeza. Mashine ilipokubalika, roboti akaachwa kimyakimya.

Ndani ya boksi hilo hilo kulikuwa na bunduki, na sasa tunaweza kulipa deni la mwanzoni. Katika bunduki ya mwaka 1970, bunduki ndiyo iliyotoa mwanga na shabaha ikaupokea. Kwa TV wakageuza: TV ndiyo inayotoa mwanga, bunduki inapokea. Ndani ya mtutu kuna lenzi na jicho dogo la kuhisi mwanga. Ukivuta kifyatulio, kioo kizima kinakuwa cheusi kwa muda mfupi sana, kisha mahali alipo bata panatokea mraba mweupe. Jicho likiona giza halafu mwanga, umepata. Likiona giza tu, umekosa, na mbwa anajua la kufanya. Wale tuliojaribu kudanganya kwa kuelekeza bunduki kwenye taa ya chumba tulishindwa kwa sababu hiyo: mashine inataka kwanza ione giza.

Mpango huo unategemea TV itoe mwanga papo hapo. TV ya chogo huchora picha kwa mshale wa umeme unaopita kwenye kioo mstari baada ya mstari, na doa linapochorwa linawaka wakati ule ule. TV bapa huipokea picha, huichakata, kisha ndiyo huionyesha. Ucheleweshaji huo ni mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini bunduki hauwezi kuusubiri. Mraba mweupe unapotokea, bunduki imeshaamua kwamba umekosa. Kwa hiyo kama bado unayo nyumbani, itafutie TV ya chogo kabla ya kuitupa.

Baada yake, kampuni nyingine zilitengeneza vya kwao vya ajabu kwa mashine hiyo. Mwaka 1989 kampuni ya Mattel ya Marekani iliuza glovu ya kuvaa mkononi ili uongoze gemu kwa ishara. Kwenye matangazo ilipendeza sana. Nyumbani ilikuwa shida kuituliza hata kwenda kushoto. Alama ya kujumlisha iliiona glovu ikija na kuiona ikiondoka.

Betri nne

Aprili 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, kifaa cha kushika mkononi ambacho unabadilisha gemu zake. Yokoi ndiye aliyeongoza idara iliyokiunda, na mwenzake Satoru Okada alibeba sehemu kubwa ya kazi ya ndani. Kioo kilikuwa cha kijani kisichokoza, bila rangi wala taa. Washindani, Atari na Sega, walikuja na vioo vya rangi vinavyong'aa, na watu wengi walidhani Nintendo imejichimbia kaburi.

Lakini vifaa vya washindani vilikula betri 6 ndani ya saa chache tu. Game Boy ilitumia betri 4, zile ndogo za saa ya ukutani, na ilidumu zaidi ya saa 10. Ilikuwa nafuu, ilivumilia kuangushwa, na huko Marekani iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ya kupanga matofali ambayo mama na babu waliicheza pia. Ikihesabiwa pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Sisi tunaoishi mahali ambapo betri ni kitu cha kuhesabu hatuhitaji kuelezwa zaidi kwa nini ilishinda.

Kisha likaja la kumuumiza. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa na namna ya kutengeneza picha kwa mstari wa taa ndogo nyekundu na kioo cha kujitazamia kinachotikisika. Yokoi aliipenda, akataka kutengeneza gemu ambayo mchezaji anahisi yuko ndani yake. Kifaa kiliitwa Virtual Boy, kikatoka Julai 1995. Unakiweka mezani, unainama na kuingiza uso ndani. Kila kitu ni chekundu juu ya giza. Pedi yake ilikuwa nzuri, ina alama mbili za kujumlisha, moja kwa kila kidole gumba. Lakini watu walilalamika macho na kichwa vinauma, na nguvu ya kampuni wakati huo ilikuwa kwenye mashine nyingine kubwa iliyokuwa ikiandaliwa. Virtual Boy iliuzwa chini ya 800,000 na haikufikisha mwaka mzima madukani.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi akaondoka Nintendo. Watu walisema amefukuzwa kwa sababu ya Virtual Boy. Mwenyewe alikana, akaeleza kwamba alikuwa na nia ya kujitegemea tangu awali. Sisi tunaona jambo moja: kabla ya kuondoka aliacha kwanza Game Boy ndogo na nyembamba zaidi imeingia sokoni. Mtu anayetupwa nje hapewi muda wa kumaliza kazi kama hiyo.

Alifungua kampuni yake Kyoto, akaiita Koto. Akashirikiana na kampuni ya midoli ya Bandai kuunda kifaa kipya cha mkononi kilichoitwa WonderSwan. Tayari alikuwa na umri wa miaka 55, na alirudi pale pale alipoanzia: kioo kisicho na rangi, bei ya chini, vitufe vilivyopangwa ili kifaa kichezwe kikiwa kimelala au kimesimama.

Tarehe 4 Oktoba 1997 Yokoi alikuwa abiria katika gari kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Gari lao liligonga lori kwa nyuma. Haikuwa ajali ya kuua. Yokoi na mwenzake wakashuka kutazama gari limeumia kiasi gani, na wakiwa wamesimama pale barabarani gari jingine likaja na kuwagonga. Yokoi alifariki. Alikuwa na miaka 56.

WonderSwan ilitoka Machi 1999 bila yeye. Gemu mojawapo iliyotoka nayo, ya kuunganisha mistari, ilipewa jina la Gunpey kwa kumkumbuka. Kifaa kizima kilitumia betri 1 ndogo, na kwa betri hiyo moja kiliweza kuchezwa kwa zaidi ya saa 30.